Benchi Lisilo na Mgongo

Mara yangu ya kwanza kuingia kanisani niliketi kwenye benchi la nyuma, nikiwa bado tumboni mwa mama yangu.

Kanisa hilo lipo upande wa juu wa mji wa Meru. Ni la mawe ya kuchongwa, lina kengele, na ukisimama mlangoni pake unauona mji wote hadi Makutano. Sitalitaja jina, kwa kuwa halikuubuni peke yake utaratibu ninaotaka kuueleza. Msichana akipata mimba kabla ya harusi, wazee wa kanisa humwita ofisini. Jumapili inayofuata huondolewa kwenye kwaya na kuketishwa kwenye benchi lililo karibu na mlango. Watu husema, "Amewekwa nyuma," na kila mtu huelewa. Hashiriki meza ya Bwana. Mtoto akishazaliwa haombewi wala habatizwi mpaka mama yake asimame mbele ya waumini wote, aungame, na amtaje mwanamume. Ndipo hupewa mkono na kurudishwa mbele.

Mama yangu, Ciakuthii, alisimama. Alimtaja mwanamume. Mwanamume huyo alikuwa ameketi safu ya tatu, amefunga tai, na baada ya kutajwa aliendelea kuketi safu ya tatu. Hakuna aliyemwambia ahame. Miaka michache baadaye alihamia Nanyuki, akaoa huko kwa harusi ya kengele.

Mama hunisimulia jambo hilo bila machozi, akiwa anashusha mikungu ya ndizi. "Waliniambia niseme kwa sauti," husema. "Nikasema kwa sauti. Hata waliokuwa nje wakinunua njugu walisikia."

Nilikua nikidhani kwamba mambo hayo yalipita na wakati wake. Kisha ikawa zamu ya Purity.

Purity ni msichana wa umri wangu anayefanya kazi na mama katika stoo ya kuivishia ndizi, soko la Gakoromone. Mama yake alifariki tukiwa shule ya msingi, na tangu hapo amekuwa akila kwetu kuliko kwao. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikishikilia kwaya ya lile kanisa la mawe isianguke. Tumbo lilipoonekana, aliwekwa nyuma. Akavumilia. Alipojifungua binti, wazee wakamwambia wakati umefika wa kusimama na kumtaja baba. Purity akakataa.

"Aliyenikana kwa simu sitamtafuta kanisani," aliwaambia. "Mtoto ni wangu. Andikeni jina langu."

Basi mtoto akakaa bila kuombewa, na kwa kuwa hakuwa ameombewa, watu hawakujua wamwite nani. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na huyu baba hakuwapo. Wakamwita katoto ka Purity, kama vile mtu anavyosema kikombe cha fulani au jembe la fulani. Hatimaye, Jumapili moja, mzee wa kanisa alifika kwenye benchi la nyuma katikati ya ibada, akainama na kumwambia Purity awe akimwacha mtoto nyumbani hadi shauri liishe, kwani kilio chake kinawasumbua waumini.

Mama alikuwa mbele, kati ya akina mama wenye vitambaa vya kichwa vilivyofanana. Wanasema aliinuka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Akatembea mpaka nyuma, akamchukua mtoto, akatoka. Purity akamfuata. Nyuma yao wakatoka wanawake kadhaa wa sokoni, na mwisho kabisa Mwalimu Kobia, mzee mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Mwalimu hupenda kueleza kwamba yeye alitoka tu kuona kelele ni ya nini, akajikuta amekuwa mwanzilishi wa kanisa.

Habari hizo zilinikuta Embu, chuoni, ambako nasomea sosholojia. Nilisafiri Ijumaa hiyo hiyo. Kichwani nilikuwa na kanisa zima limeshajengwa.

* * *

Kanisa letu lilianza ndani ya stoo. Mtu asiyewahi kuingia stoo ya ndizi hawezi kulijua joto lake. Mikungu mibichi hulazwa ukutani, hufunikwa kwa majani makavu na turubai, na matunda machache yaliyokwisha kuiva hufichwa kati yake ili yaiambukize ile mingine. Harufu yake ni tamu na nzito, nayo hukaa kwenye nguo hadi Jumatano. Hatukuwa na viti. Tulikuwa na kreti za soda na mbao ndefu za kupakulia mizigo. Ukilaza ubao juu ya kreti mbili, umepata benchi.

Mimi ndiye niliyezipanga mbao hizo kwa mduara. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Katika mduara hakuna mbele, na pasipo mbele hapawezi kuwa na nyuma. Nilijiona nimeitatua dhambi ya miaka mingi kwa mbao na kreti.

Watu walipoingia walisimama kwanza, wakatazama huku na huku. Kisha mazoea yao yakaamka. Ubao uliokuwa mbali zaidi na mlango waliuacha mtupu, kwa heshima, kwa ajili ya wageni. Mgeni hata mmoja hakuwa amealikwa. Wengine wote walijibana upande wa mlangoni kama abiria wanaoogopa kuachwa, na Purity akaketi kwenye ubao wa mwisho kabisa, bega lake likiwa juani. Tulikuwa tumeliacha kanisa la mawe, lakini ramani yake tulikuja nayo kichwani.

Nikasimama. Nikahutubu. Nilisema kwamba hapa hakuna benchi la nyuma, kwamba hapa hakuna binti wa Mungu atakayeketishwa mlangoni tena, na mkono wangu, bila mimi kukusudia, ukaelekea mlangoni. Watu wakapiga makofi. Wote wakageuka kumtazama Purity.

Baada ya ibada alinisubiri penye bomba akinawa.

"Nilikaa mlangoni kwa sababu mtoto alisikia joto," alisema.

"Purity, sikumaanisha…"

"Ulimaanisha. Kule walinitazama kwa hasira, hapa wamenitazama kwa huruma. Macho ni yale yale, Gatwiri. Yanachoma pale pale."

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza kabla sijapanga ubao hata mmoja: "Wewe unataka nini?"

Alikung'uta maji mikononi. "Nataka mtoto wangu aombewe mchana, mbele ya watu. Aitwe jina. Watu waseme amina, halafu twende nyumbani tukapike. Hivyo tu. Kama watoto wa wengine."

Lilikuwa ombi dogo kiasi kwamba niliona aibu. Nikalipeleka kwa mama jioni hiyo, na hapo ndipo nilipoigundua hofu yetu. Mama, aliyekuwa na ujasiri wa kutoka katikati ya ibada, hakuwa na ujasiri wa kumwombea mtoto.

"Hiyo ni kazi ya mtu aliyewekewa mikono," alisema. "Mimi nikiweka mkono wangu wa ndizi juu ya mtoto, nani atasema sala imeshika?"

"Mungu."

"Mungu sawa. Na watu?"

Mwalimu Kobia aliafikiana naye. Tulikuwa na imani, tulikuwa na mbao, tulikuwa na wanawake walioweza kuimba kuanzia asubuhi hadi mchana. Tulichokosa ni mchungaji. Naye Mwalimu akasema anamjua mmoja.

* * *

Wiki za kungoja zilikuwa na furaha yake. Kila Jumapili mtu mmoja alisimulia alichokiona katika wiki yake, na wengine wakamjibu. Wawira, ambaye huuza vitunguu, alisimulia namna alivyomsamehe jirani aliyekata mpaka wa shamba, akaishia kutuambia kwamba hajamsamehe vizuri, tumwombee aanze upya. Tulicheka mpaka turubai likatikisika. Nje tuk-tuk zilipita zikipiga honi, na hatukuziona kuwa adui wa ibada.

Kejeli hazikukosekana. Peninah, kiongozi wa akina mama katika lile kanisa la mawe, alikuwa mteja wa mama kwa miaka mingi, wala hakuacha kuja kwa sababu ya tofauti za imani. Alikuja pia kwa ajili ya kuchokoza.

"Muga, watu wa Kanisa la Ndizi!" alitusalimu siku moja kwa Kimeru, akiwa bado barabarani. "Mmeshaiva au bado?"

"Tunaiva pole pole, Mama Kiunga," mama alimjibu huku akimchagulia kichane. "Ndizi ya haraka huwa njano nje, na ndani ni jiwe."

"Haya. Na mkiiva sana mtaoza."

"Tukioza tutakuwa mbolea. Nyinyi mawe mtakuwa nini?"

Peninah alicheka kwa kulazimika, akachukua ndizi zake na kwenda. Lakini jina hilo lilibaki. Hata madereva wa bodaboda walianza kuwaelekeza watu kwa jina la Kanisa la Ndizi, nasi tukaacha kukasirika.

Mchungaji Njoka alikuja kutoka Embu siku ya mvua. Alikuwa na huduma yenye matawi Runyenjes na Siakago, na alikuwa tayari kutupokea tuwe tawi lake upande wa Meru. Nilimtarajia mtu wa makelele, nikakutana na mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alisalimia kila mtu kwa jina. Alimbeba mtoto wa Purity, akamsifia macho. Akasema atatuletea tenti, spika na mimbari, tena atatufanyia uzinduzi utakaosikika hadi Makutano. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Bwana Kithinji, alikuwa amemwahidi mabati ya kutujengea, naye angekuja siku hiyo na mkewe Veronicah na mtoto wao mchanga aombewe.

"Na huyu pia?" mama aliuliza, akimwonyesha mtoto wa Purity.

Mchungaji Njoka aliweka kikombe chake chini. Tulikuwa tumeketi ndani ya stoo, chai na nduma za kuchemsha mbele yetu.

"Mama, wageni wana macho," alisema. "Siku ya kwanza ni siku ya kwanza. Binti yetu Purity nampenda kwa upendo wa Bwana. Aje, tena asikose. Ila akae pale nyuma, karibu na mlango, hata mtoto apate hewa. Wageni wakishaondoka, mimi mwenyewe nitamwombea mtoto hapa ndani. Kimya kimya."

"Kimya kimya kama mwizi?" nilisema.

"Dada yangu, wewe ni msomi. Unajua nyumba hujengwa kuanzia msingi."

"Na msingi wetu ni benchi la nyuma?"

"Gatwiri," Mwalimu Kobia aliingilia, bila ukali. "Tukipata paa, tutakuwa na nafasi ya kurekebisha hayo mengine."

"Mwalimu, kule tulitoka kwa sababu gani?"

"Mimi nilitoka kuona kelele ni ya nini."

Watu wakacheka, na ghadhabu yangu ikabaki imesimama peke yake kama mtu aliyevaa vibaya harusini. Nilimtazama mama. Alikuwa akimenya nduma, macho kwenye kisu. Kimya hicho kiliniuma kuliko maneno yote ya mchungaji.

"Nitakaa," Purity alisema.

"Purity!"

"Nimesema nitakaa nyuma. Si mchungaji amesema mtoto ataombewa?"

Nilimfuata nje kwenye matone. Nilimwambia kwamba akikubali, wasichana wote watakaokuja baada yake watawekwa pale pale. Kwamba hili si lake peke yake. Kwamba tutakataa pamoja, nami nitasimama mbele ya hao wageni na mabati yao na kusema ukweli wote.

"Utasimama, utasema, watanigeukia," alijibu. "Halafu Jumatatu utapanda gari uende Embu, mimi nibaki hapa na macho yao. Mimi si bango lako, Gatwiri. Siku nikitaka kukataa, nitakataa kwa mdomo wangu."

* * *

Nusura nisije kwenye uzinduzi. Nilimwambia mama kwa simu kwamba nina mtihani, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Njoo," alisema. "Kuna mbao za kupanga."

"Si mchungaji ameleta viti?"

"Viti vya plastiki ni vya wageni. Sisi tutakaa kwenye mbao zetu. Nimemwambia mbao nazipenda, hazina mgongo."

Niliichukua kauli hiyo kuwa mzaha wa mtu mzima aliyekwisha kushindwa. Nikaja, kwa sababu ni mama.

Tenti ilikuwa imesimamishwa uani, mbele ya stoo, nyeupe na yenye mapindo ya zambarau. Upande wa barabara palikuwa na mimbari ya vioo na spika zilizotutisha kwa ukubwa. Kisha safu za viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Nyuma ya viti, mbao zetu. Na nyuma ya mbao zote, katika mlango wa stoo penyewe, ubao mmoja uliokuwa nusu kwenye tenti na nusu kwenye giza la ndizi. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Mchungaji alinipa kazi ya kusoma neno, akaniketisha mbele, karibu na mimbari, ambako ningeweza kutazamwa.

Watu walikuja wengi. Hata Peninah alikuja, akiwa na miwani ya jua, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyepita tu. Tuliimba, nikasoma, Mchungaji Njoka akahubiri juu ya milango mipya. Alihubiri vizuri, na ni lazima niseme hivyo. Kisha akawaita Bwana Kithinji na Veronicah waje na mtoto wao. Alimwinua mtoto juu, akamtaja jina mara mbili kwenye maikrofoni, umati ukaitikia, kwaya ya Runyenjes ikapiga vigelegele.

"Huyu," alisema mchungaji, "ndiye mtoto wa kwanza wa kanisa hili!"

"Na huyu je?"

Sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma, na kila aliyewahi kuisikia kwaya ya kanisa la mawe aliijua. Purity alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mtoto mikononi.

Vichwa viligeuka, kisha vikarudi haraka mbele, kwa adabu.

"Dada Purity," mchungaji alisema kwa upole, na spika zikaupeleka upole huo hadi ng'ambo ya barabara. "Tulizungumza. Baadaye."

"Tulizungumza, na nikakubali. Nimekaa nyuma kama ulivyosema." Hakuwa akipiga kelele. "Lakini umesema huyo ndiye wa kwanza. Wa kwanza ni huyu. Kanisa hili lilitoka kule juu kwa sababu ya huyu. Sijaomba kuja mbele, Mchungaji. Sitakuja. Ataombewa hapa hapa alipo, sasa hivi, mchana, watu wakiwa wamekaa. Kama ni dhambi, ni yangu. Yeye hajafanya kitu."

Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa, yana sarufi nzuri. Nikakumbuka penye bomba. Nikayameza.

Hapo nilimwona mama. Alikuwa kwenye ubao wake, katikati ya wanawake wa sokoni, amempa mchungaji uso na Purity kisogo kama wengine. Akaikaza leso kiunoni. Akashika ubao kwa mkono mmoja, akainua mguu wa kulia, akauvusha upande wa pili. Kisha wa kushoto, kwa shida kidogo, kwa maana mama ni mtu mwenye mwili. Kufumba na kufumbua alikuwa ameketi pale pale, lakini sasa kisogo chake ndicho kilichomwelekea mchungaji.

Benchi lisilo na mgongo halina nyuma. Nyuma ni mahali mtu anapochagua kutotazama.

"Wawira, vuta leso yako, utaonyesha dunia siri," mama alisema.

Wawira alivuta leso, akavusha miguu. Aliyekuwa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Ubao mzima uliyumba, mtu akapiga ukelele, mtu akacheka, kreti zikalia. Ubao wa pili ukageuka, kisha wa tatu. Nilisikia mlio wa viatu vikiburura vumbi. Wote waliotoka pamoja kule juu walikuwa sasa wametazama mlango wa stoo, mikungu ya ndizi, na msichana mwenye mtoto.

"Wapendwa," mchungaji aliita kwenye maikrofoni, "tutazame mbele, tafadhali."

"Tunatazama," mama alijibu bila kugeuka.

Mimi nilikuwa mbele kabisa, mahali ambapo sasa pamekuwa mwisho. Nikaiweka Biblia kwenye mimbari ya vioo, nikaanza kutembea. Nilipita kati ya wageni waliokaa kama watu waliofungwa kamba, kwa kuwa kiti chenye mgongo hakigeuki kwa kuvusha miguu. Ni lazima uamke, ukishike, ukigeuze huku watu wakikuona. Veronicah aliamka. Alimkumbatia mwanawe aliyetoka kuombewa, na kwa mkono uliobaki akakizungusha kiti chake, kitambaa kikadondoka. Mumewe alibaki akitazama mimbari, kidevu juu. Mabati yetu, niliwaza, yanatazama upande ule.

Sasa palibaki swali ambalo sote tulikuwa tumelikimbia. Purity alisimama na mtoto, tulimtazama, na hakuna aliyewekewa mikono upande huu wa mbao.

"Mama Gatwiri," Purity alisema. "Niombee mtoto."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyembeba ukatoka naye."

Mama alinitazama, kama anayetaka nimtetee. Sikumtetea. Aliinuka, akajipangusa viganja kwenye leso mara kadhaa, mikono yake myeusi kwa utomvu wa ndizi ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Alienda mlangoni. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita tangu asimame mbele ya waumini na kuamriwa kutaja jina.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Ciakuthii," Purity alisema.

Mtu fulani kwenye mbao alisema "Haiya!" kwa sauti ya chini.

Mama akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Mungu," alisema, kwa sauti, sauti ambayo hata waliokuwa nje wakinunua njugu waliisikia. "Huyu ni Ciakuthii. Na mimi ni Ciakuthii. Unanijua tangu siku ile. Sasa mjue na huyu. Ale, akue, aimbe kama mamake. Na asiwekwe nyuma na mtu."

"Amina!" tulisema.

Nasema kweli kwamba amina moja ilitoka ng'ambo ya barabara, kwa mtu mwenye miwani ya jua. Baadaye Peninah aliikana, akasema alikuwa akipiga chafya.

* * *

Mchungaji Njoka hakutulaani. Alikunja nyaya zake, akanipa mkono, akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba tumeupoteza mwavuli wa huduma yake. Tenti ilishushwa kabla ya jioni. Viti vikapangwa kimoja juu ya kingine na kupakiwa kwenye lori. Mabati hayakuja, wala hatukwenda kuyaulizia.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wachache kuliko awali. Nilipofika, mama na Purity walikuwa wamekwisha kuzilaza mbao ndani ya stoo bila kuningoja, bila mduara, ovyo tu, kufuata nafasi iliyoachwa na ndizi. Ciakuthii mdogo alikuwa amelazwa juu ya majani makavu ndani ya kreti, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyeonekana kusumbuliwa.

Mwalimu Kobia alichelewa. Aliingia na kiti chake kutoka nyumbani, cha mbao, chenye mgongo na mikono, maana kiuno chake hakiwezi tena ubao. Akasimama nacho katikati, akazunguka kidogo upande huu, akazunguka upande ule, kama mtu anayetafuta mahali pa kutua.

"Sasa," aliuliza, "mbele ni wapi?"

"Keti, Mwalimu," mama alisema, akisogeza mkungu. "Tumeshaanza."